Kisu cha Mfukoni: Springi au Kufuli?

MUUGUZI: Mimi naanzia kwenye kidole, maana ndicho kinacholetwa kwangu. Kisu cha kukunja kikijifunga mkononi, makali hayapigi tumbo la kidole, yanapiga mgongo. Shika mpini wowote uone mwenyewe: vidole vimeukumbatia upande ule ule wenye mfereji wa bapa. Bapa likirudi ndani linavikuta vimelala mlangoni. Na mgongo wa kidole hauna nyama. Chini ya ngozi kuna kano ya kukinyooshea, nyembamba kama utepe, imelala juu ya mfupa. Mtu anapata kidonda cha sentimita moja, anafunga kitambaa, anarudi shambani. Wiki ya tatu anakuja kunionyesha kidole kimeinama, hakinyooki. Kwa hiyo nauliza: kwa nini bado tunauza visu vya kukunja vinavyoshikwa na springi peke yake, bila kufuli?

MNOA VISU: Kwa sababu vinafanya kazi, sista. Springi ni kipande kirefu cha chuma mgongoni mwa mpini, kinabana kitako cha bapa. Ukifungua unasikia "tak", ukifunga "tak". Basi. Haijamwahidi mtu kufuli. Ukikata, yaani ukisukuma makali kwenye kitu, nguvu yako inazidi kulifungua bapa, hailifungi. Linajifunga ukilisukuma kwa mgongo, au ukichoma kwa ncha. Mwenye kisu anayajua hayo: hachomi, hapekenyui, hafungulii kopo la rangi.

MBEBESHAJI MICHE: Shikamoo mzee wangu, lakini hapo umeniacha.

MNOA VISU: Marahaba. Nimekuacha wapi?

MBEBESHAJI MICHE: Kwenye kuchomoa. Mimi nabebesha parachichi, na msimu ukikolea siku nzima ni kisu na utepe. Nachonga kikonyo pande mbili kiwe kama kabari, napasua shina la mche katikati, nakitumbukiza humo, nafunga. Kuchonga hakuna shida, navuta kisu kuelekea kwangu na dole gumba linafuata. Shida ni kule kupasua. Shina likiwa gumu kidogo bapa linaingia na kukwama. Kulitoa ni lazima ulitikise juu chini, na kila linapokwenda juu, mti unalisukuma kwa mgongo. Hilo si kosa langu, mzee. Ndiyo kazi yenyewe.

MNOA VISU: Basi umechukua kisu kisicho chako. Kazi hiyo inataka kisu kisichokunjika, chenye ala yake.

MBEBESHAJI MICHE: Nikitembea vitalu vitatu kwa siku kwa bodaboda, kisu cha ala nakiweka wapi? Kiunoni? Kwenye kizuizi cha kwanza nitaanza kujieleza. Cha kukunja kinakaa mfukoni na simu, hakuna anayenishangaa.

MWENYE DUKA: Naomba niingie, maana naona visu vyangu vinashtakiwa na mimi nipo. Mnaongea kama watu wasionunua. Mwaka juzi nilileta visu vyenye kufuli, elfu thelathini kimoja. Vilikaa kwenye kioo mpaka vikashika vumbi. Pembeni yake nina vya elfu nne, vya springi, mpini wa plastiki uliopakwa rangi ufanane na pembe. Vya elfu nne nimeagiza mara tatu. Mteja haniulizi kufuli wala chuma. Ananiuliza, "Bei ya mwisho?"

MUUGUZI: Na wewe unamwambia nini kuhusu kisu chenyewe?

MWENYE DUKA: Namwambia kinakata.

MUUGUZI: Je, kwenye hivyo vya elfu nne umewahi kuona jina la mtengenezaji, aina ya chuma, au alama yoyote ya kiwango?

MWENYE DUKA: Kimeandikwa "stainless". Vyote vimeandikwa "stainless".

MNOA VISU: Hapo tuko pamoja, sista. Neno hilo siku hizi ni pambo tu. Ili chuma kistahimili kutu kinahitaji kromiamu angalau asilimia 10.5. Ninavyoletewa mimi, vingine vimeandikwa hivyo na vimeota kutu kwenye maandishi yenyewe. Mimi sisomi, napima. Nachukua tupa ndogo, naipitisha kwenye makali karibu na mpini. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekomazwa. Ikiuma na kutoa unga, hicho ni bati lenye mpini. Nitakinoa, mwenyewe atalipa, atafurahi mpaka nyanya ya kumi.

MBEBESHAJI MICHE: Mzee, samahani, na mimi nina neno hapo. Kisu changu cha kwanza kilikuwa cha chuma cha zamani, kile kinachogeuka rangi ya kijivu kikishika utomvu. Nilikipeleka kwa mnoaji mmoja wa baiskeli, sisemi nani. Kilirudi kinang'aa, ncha imepigwa rangi ya buluu kama shingo ya njiwa. Nikadhani ni urembo. Siku mbili, ncha haikati hata utepe.

MNOA VISU: Kiliungua.

MBEBESHAJI MICHE: Hivyo ndivyo nilivyoambiwa baadaye, na mtu mwingine.

MNOA VISU: Buluu ile hutokea chuma kikikaribia nyuzi 300. Kisu kikishakomazwa hakitakiwi kufika huko. Jiwe likizunguka kwa kasi, ncha nyembamba inafika kabla hujahesabu tano. Mnoaji anatakiwa kuchovya kwenye maji kila baada ya kupitisha mara moja au mbili, na kidole chake kiwe nyuma ya bapa. Kidole kikiungua, kisu nacho kiko njiani. Sitamtetea mwenzangu. Lakini ona jambo: kisu kile kilikuwa kizuri hadi mtu alipokiharibu. Hakikuharibiwa na kukosa kufuli.

MUUGUZI: Mzee, unanikwepa. Sikatai kwamba chuma kibovu ni kibaya. Nasema chuma kizuri bila kufuli ni kibaya zaidi, kwa sababu kinapokurudia kinakata kweli. Niwape mfano wa watu ambao hamwezi kusema hawajui visu. Huko Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu cha wakulima: mpini wa mti, bapa la chuma, ribiti moja. Kikauzwa na kupendwa, kikatumika miaka 65 bila kufuli. Mwaka 1955 kiwanda chenyewe kikaongeza pete ya chuma shingoni, unaizungusha na bapa halirudi. Kama kisu kilikuwa kinatosha, pete ya nini?

MNOA VISU: Kisu hicho nimewahi kukishika. Kuna padri mmoja alikuwa nacho. Msimu wa mvua mpini unavimba, bapa linabanwa, hulitoi kwa ukucha wala kwa meno. Unagonga kitako cha mpini mezani ndipo ncha inachungulia. Wenyewe huko Savoie wanagonga hivyo hivyo, na wamelipa pigo hilo jina la kwao. Sasa niambie, wewe unayejali vidole: mtu anayepigana na kisu kilichokwama ili kifunguke, na anayekatwa na kisu kinachojifunga, wana tofauti gani?

MUUGUZI: Tofauti ni kwamba wa kwanza anakitazama kisu. Wa pili anatazama parachichi.

(Hapa pakawa na kimya kidogo. Niliandika kwamba Mnoa Visu alicheka, lakini nikifikiri vizuri, alikohoa.)

MWENYE DUKA: Niongeze la shemeji yangu aliyeko Uingereza. Alitaka nimpelekee kisu cha kukunja kama zawadi. Nikamchagulia kile cha elfu thelathini, chenye kufuli, nikijua nampendelea. Akaniambia rudisha dukani, utanifunga. Kumbe sheria yao ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kutoa sababu, mradi makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Halafu mwaka 1993 mahakama yao ikasema kisu kikishakuwa na kufuli hakimo tena kwenye ruhusa hiyo. Ukikutwa nacho barabarani lazima uwe na sababu ya maana. Kwa hiyo kile unachokiita salama, kwao ndicho kinachokupeleka kituoni.

MNOA VISU: Umesikia, sista! Na hao ndio watu wa Sheffield, wametengeneza visu kabla ya babu zetu kuzaliwa.

MUUGUZI: Nimesikia, na sishangai. Sheria ile inamwangalia mtu wa pili, yule anayeweza kuchomwa. Kisu kinachojifunga ukichoma ni silaha mbovu, kwa hiyo serikali inakipenda. Mimi namwangalia mtu wa kwanza, mwenye kisu. Ukitaka kujua bei ya sheria hiyo, hesabu vidole vya mafundi umeme na watunza bustani.

MBEBESHAJI MICHE: Mzee, hebu tuseme ukweli. Hata baba zetu walikuwa na visu vyenye kufuli. Kile cha pete kilikuwa nini?

MNOA VISU: Ah, okapi! Hicho usikitaje bila heshima. Mpini wa mti umegongwa miezi na nyota za chuma. Ukifungua, meno ya bapa yanapita chini ya springi, ka-ka-ka-ka, mtaa mzima unajua fulani amefungua kisu. Nyuma kuna pete, unaivuta kuinua springi ndipo bapa likubali kurudi. Baba yangu alikuwa nacho. Alikata ngozi, alichinja, alijitoa miiba.

MUUGUZI: Kisu kimoja kwa vyote hivyo?

MNOA VISU: Na hakuna aliyekufa.

MUUGUZI: Nitarudi hapo, usidhani nimesahau. Lakini historia ya kisu hicho ninaijua. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika. Nchi hii ikiwamo. Mwaka mmoja nyuma, 1901, wanasayansi wa Ulaya ndiyo kwanza walikuwa wamempa jina la kitaalamu mnyama okapi wa misitu ya Kongo. Jina jipya la mjini likabandikwa kwenye kisu cha bei nafuu. Leo kinatengenezwa Afrika Kusini, tangu 1988. Basi hata kisu cha bei nafuu, kilichokusudiwa watu waliotawaliwa, kilikuwa na namna ya kulishika bapa. Na sisi mwaka huu tunabishana kama kufuli ni anasa!

MNOA VISU: Sasa sikiliza upande wa pili wa hadithi yako. Kinacholetwa kwangu siku hizi si kile cha baba yangu. Kina pete, kina nyota, kina kelele zake zote, na jina hakina. Meno yamekatwa kwenye chuma laini. Miezi sita yamelika, springi inapanda juu ya jino na kuteleza. Mwenye kisu anasikia "ka-ka-ka" anaamini kimeshika. Mimi nasema afadhali kisu kisichoahidi kitu kuliko kile kinachodanganya kwa sauti. Cha springi unakiogopa, kwa hiyo unakuwa mwangalifu. Cha kufuli unakiamini, unabonyeza kwa nguvu zote, unapekenyua, na siku kufuli likikataa linakataa vidole vikiwa vimelala hapo hapo ulipotuonyesha.

MWENYE DUKA: Na majina nayo ni biashara. Kuna kijiji kinaitwa Laguiole, huko huko Ufaransa, kinasifika kwa visu. Jina hilo limegongwa kwenye visu vya Pakistani na vya China ambavyo havijawahi kukiona kijiji hicho hata kwa mbali. Nimeviuza. Vina nyuki mgongoni na kila kitu.

MUUGUZI: Nakubali kwamba kufuli bovu ni hatari. Lakini dawa ya breki mbovu si kuendesha gari lisilo na breki ili uwe mwangalifu.

MNOA VISU: Baiskeli yangu ya kunolea haina breki, sista.

MUUGUZI: Haiendi popote, mzee!

MBEBESHAJI MICHE: Mimi niliwahi kuwa na chenye kufuli, lile la nyuma, mgongoni. Lilishika vizuri mwaka mzima. Siku moja likaanza kushika nusu. Nikalitazama juani: ndani ya tundu ambamo ulimi wa kufuli unaingia kumejaa vumbi la mfukoni, utomvu uliokauka, na ugoro wa marehemu babu maana koti lilikuwa lake. Nilichokoa na mwiba wa mchungwa, nikaosha kwa mafuta ya taa, likarudi kushika. Kufuli halikuwa bovu. Lilikuwa chafu.

MUUGUZI: Asante kwa kutaja uchafu, sasa narudi kwa baba yake mzee. Mfereji wa mpini hauoshwi. Kisu cha kukunja kikikatia nyama, mafuta na damu vinaingia kule ndani, vinakaa, kesho unakatia embe la mtoto. Na kuhusu pepopunda, watu wananiambia, "Sista, kisu hakina kutu, sihitaji sindano." Pepopunda haitokani na kutu. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi. Kisu cha mbebeshaji, kinachong'aa, kilichoanguka kitaluni mara tano leo, ndicho ninachokiogopa kuliko kisu chenye kutu kilicholala kabatini.

MBEBESHAJI MICHE: Mimi cha kwangu nakipangusa kwa spiriti kila baada ya miche kadhaa.

MUUGUZI: Kwa ajili ya mkono wako?

MBEBESHAJI MICHE: Hapana, kwa ajili ya miche. Nisihamishe ugonjwa.

MNOA VISU: Sasa niulize mimi swali, kwa zamu yangu. Sista, katika vidonda vya visu vya mfukoni unavyoshona, vyote ni vya mgongo wa kidole?

MUUGUZI: Hapana.

MNOA VISU: Vingine viko wapi?

MUUGUZI: Tumboni mwa kidole na kwenye kiganja. Mkono umelowa, mtu anasukuma, mpini hauna kizuizi mbele, mkono unateleza kutoka kwenye mpini hadi kwenye makali. Hapo zinakatika kano za kukunjia. Hizo ni mbaya kwa namna yake, kwa sababu ikikatika, kipande cha juu kinaweza kurudi ndani kuelekea kiganjani kama kamba ya suruali, na daktari inabidi akifuate.

MNOA VISU: Na kufuli lingefanya nini hapo?

MUUGUZI: Kwa mkono ulioteleza? Lisingefanya kitu.

MNOA VISU: Rudia, mwenye duka asikie.

MUUGUZI: Lisingefanya kitu. Nimesema. Sikuja hapa kuuza kufuli, mzee. Kwa hilo ninataka mpini wenye nundu mbele, usio laini kama sabuni. Lakini nawe usichukue kidonda kimoja ukakifanya shuka la kufunikia kingine.

MWENYE DUKA: Wanangu wa kidato cha pili wanaviomba. Nisiwape kabisa?

MNOA VISU: Mtoto akililia wembe, mpe.

MUUGUZI: Aliyeitunga hiyo hakuwa zamu ya usiku.

MNOA VISU: Alikuwa na maana yake! Mimi nilipewa kisu nikiwa na miaka tisa. Kabla ya kupewa nilikaa mwezi mzima nikikifungua na kukifunga mbele ya baba, vidole ubavuni mwa mpini, kamwe si juu ya mfereji. Nikikosea, kinarudi kwake. Leo mtoto ananunua mwenyewe na chenji ya nauli, hakuna aliyemkalia. Ukiweka kufuli utasema umemaliza kazi ya baba?

MUUGUZI: Na wewe ukimpa mafunzo utasema umemaliza kazi ya kiwanda? Mwezi mmoja wa baba yako ulikusaidia wewe. Huyu mbebeshaji ana vijana kumi na wawili wanaoanza Jumatatu.

MBEBESHAJI MICHE: Kweli. Na ndiyo maana nipo hapa. Wengine hawajawahi kushika kisu kikali maishani, wanakata vitunguu kwa kisu cha meno. Nina fedha ya visu kumi na viwili vya katikati, si vya elfu nne wala si vya elfu thelathini. Mwenye duka anavyo vya elfu kumi na tano, vimeandikwa vina kufuli. Mzee, nivinunue?

MNOA VISU: Sivijui. Nione ribiti. Bapa likifunguliwa, lishike kwa ncha na mpini ulisukume kushoto kulia. Likicheza leo likiwa jipya, kesho kutwa litakuwa mlango wa choo. Halafu tupa.

MUUGUZI: Halafu mgongo. Fungua, hakikisha vidole havipo mbele ya mfereji, gonga mgongo wa bapa mezani, si kwa hasira, mara tatu nne. Kikijifunga, hakiingii shambani.

MWENYE DUKA: Ngojeni kwanza! Mnataka kutia tupa kwenye mali yangu, mgonge, msukume, halafu vikiharibika nani analipa? Hivyo ni visu kumi na viwili.

MUUGUZI: Vikiharibika mezani kwako, au vikiharibika mkononi mwa kijana wake?

MWENYE DUKA: Mezani kwangu ndiko ninakouliza.

MBEBESHAJI MICHE: Bosi, tufanye hivi. Tupa aache. Tugonge tu. Kitakachojifunga unakirudisha kwa aliyekuuzia, kitakachoshika nakilipa hapa hapa.

MWENYE DUKA: Aliyeniuzia yuko Kariakoo, hanijui hata jina. Lakini haya. Leteni meza. Kwa sharti moja, kwa kuwa leo ni siku ya haki: tuanze na hicho cha mzee, kilicho mfukoni mwake, cha springi, alichokisifu tangu tumekaa.

MNOA VISU: Changu?

MUUGUZI: Nipe nikigonge mimi, mzee. Taratibu.

MNOA VISU: Hapana. Hicho kiacheni. Hicho si cha kuuza.